Ngome ya Bi Waridi

Kurugenzi ya Magofu na Fahari ilitangaza rasmi, kwa vipaza sauti na maturubai, kwamba Bongo nayo imepata ngome ya zama za kati, juu kabisa ya bonde la Jangwani. Wananchi waliombwa wafurahi kwa utaratibu.

Bi Waridi alikuwa dukani kwake Kariakoo, anakunja vitenge. Akacheka. Kisha akaona picha kwenye turubai la tangazo, kicheko kikamkauka. Ngome yenyewe ni pagale lake! Nyumba aliyoipandisha tofali kwa tofali tangu mumewe afariki, na bati keshanunua, na masika hayo yanakuja. Akafunga duka, huyo, Jangwani. Akakuta utepe, mlinzi, na Mkurugenzi Ansbert ndani ya suti.

"Baba, hii nyumba yangu. Haijaisha tu."

"Mama, usivuruge uhifadhi," Ansbert alisema kwa upole wa kiofisi. "Gofu halina kuisha. Wataalamu wamethibitisha: kuta bila paa, madirisha bila fremu, na hizo nondo juu ni mikuki ya walinzi. Kuezeka ni hujuma dhidi ya urithi."

"Na mvua?"

"Mvua ni mdau."

Waridi alitaka kulia, na angelia, ila mgeni rasmi wa uzinduzi ndiyo kwanza alikuwa anashuka garini. Basi akajiunga na wageni kwenda kutalii jiko lake mwenyewe. Ansbert akaonyesha sebule, eti ukumbi wa wafalme, na shimo la choo, eti gereza. Mgeni rasmi akachungulia gerezani kwa masikitiko makubwa.

"Nzuri," akasema, "ila ndogo. Hakuna kubwa kuliko hii?"

"Ipo, mheshimiwa," Waridi akadakia. "Kibamba, juu ya bonde. Ghorofa mbili, mikuki tele."

Aliijua vizuri. Fundi wake, Mbaruku, alimtoroka akaenda kujenga huko, kwa bosi mmoja anaitwa Ansbert.

"Mkurugenzi, unaifahamu?" mgeni rasmi akauliza.

Ansbert aliifahamu mpaka bomba la bafuni. Lakini aseme nini mbele ya kamera? Kwamba ile ni nyumba yake, haijaisha tu?

"Naisikia, mheshimiwa," akasema, jasho likimtiririka.

Ngome ikahamishiwa Kibamba siku ileile, pamoja na utepe. Waridi akaezeka, mvua ikamkuta ndani anakunywa chai.

Jumamosi Ansbert akaenda kwake Kibamba na lori la mchanga. Mlinzi akamsimamisha getini, akamwomba tiketi.

"Au mzee ni mwanafunzi?" akamwuliza kwa heshima. "Wanafunzi nusu."