Chuma cha Ludewa na Kinu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Juni
Mama mkwe anatua Ijumaa! Jumapili ataamua akae wapi hadi mjukuu azaliwe: kwangu hapa Lanham, Marekani, au Annandale kwa mwanawe, shemeji Clement. Mke wangu Benadetha ana mimba ya miezi minane. Ameniambia mama asipokaa hapa, na yeye hakai.

Clement yuko ubalozini. Anavaa tai hata akienda kununua maziwa. Mimi nina mfuko wa mawe ya shambani kwetu Ludewa. Mtaalamu aliyakataa, eti chuma kidogo, uchafu mwingi, kiwanda hakiyataki. Mtaalamu gani huyo? Nitayayeyusha mwenyewe, nimkabidhi mama donge la chuma. Tuone tai itasema nini.

Jumanne, 9 Juni
Kazi rahisi. Ponda, osha, nasa chuma kwa sumaku, choma kwa mkaa. Nikapondea kwenye kinu cha Benadetha, kile cha mti alichopewa na mama yake siku ya send-off. Kikapasuka! Mti hafifu kabisa. Nimekificha chini ya ngazi.

Unga nimeuosha bafuni, nikaupitishia sumaku za friji. Nimepata mweusi wa kujaza kikombe. Maji ya bafuni hayashuki tena.

Jumatano, 10 Juni
Nimeazima jiko la nyama choma la Clement. Nilimwambia ni la kumchomea mama mbuzi. Kalileta mwenyewe, na tai.

Alhamisi, 11 Juni
Benadetha kaenda kliniki. Moto! Draya yake ya nywele ndiyo mvukuto wa kupulizia moto. Mkaa ukaisha katikati. Jamani! Nikakumbuka kinu. Moto ukapata kuni, ushahidi ukaisha. Akili gani hii!

Draya imekufa kishujaa. Lakini majivuni: donge! Zito, linashika sumaku. Nimelia kweli. Jiko limeinama upande mmoja, joto tu hilo.

Jumapili, 14 Juni
Aibu, aibu. Nilimpa mama donge kwenye kanga mpya. Clement akaomba alione. Akasema hajawahi kuona madini yanayozaliwa na nati. Eti ni mguu wa jiko lake. Nikamjibu nati ni ya asili.

Watu wakacheka, mama hakucheka. Akaomba kinu atwange kisamvu. Benadetha akarudi na mchi. Mchi! Nani angekumbuka mchi? Mama akauliza mara moja tu kinu kiko wapi. Nikatazama jiko. Wote wakatazama jiko.

Benadetha akaenda chumbani. Akafunga begi. Wameondoka wote na gari la Clement.

Jumatatu, 15 Juni
Nyumba kimya. Nimekula ugali na chumvi. Nina hamu na Benadetha.

Kapiga simu! Mama amesamehe nusu. Watarudi wote wawili siku nitakapoweka kinu kipya jikoni. Akanielekeza duka la Temple Hills linalouza vinu, niende leo leo.

Kununua! Cha mti, kipasuke tena? Mawe yamebaki nusu mfuko. Nitayayeyusha nimsubie mama kinu cha chuma. Nimeshaongea na jirani Elkanah, Mkenya mwenye jiko kubwa. Kakubali kuniazima. Anadhani ni la mbuzi.