Jambo, Kambo

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha kazini, ndani ya chumba cha mikutano, na sina nguvu ya kurudi kuuchukua.

Nianze mwanzo. Nina miaka ishirini na mitatu. Ni mwanagenzi (huku Lubumbashi tunasema stagiaire) katika maabara moja inayopima mawe ya madini. Nasaga mawe, napima unga wake, nabandika lebo. Stagiaires tuko watatu. Nafasi ya kazi ni moja. Tangu niingie pale silali vizuri, na nikisikia mtu anataja mkataba naacha kusaga ili nisikilize.

Dada yangu mkubwa, yaya Bijou, ndiye aliyenipa ushauri. "Diplôme peke yake haitoshe," aliniambia. "Ku kazi banapashwa kukujua. Tafuta kitu moja ya kukuunganisha na chef yako, mukubwa wa kazi."

Nikatafuta. (Kujitafutia balaa sihitaji msaada, lakini tuendelee.)

Wiki mbili zilizopita nikamsikia mkuu wetu, Madame Georgine, akiongea kwenye simu habari za mvua huko kwao Mitwaba. Alipokata tu, nikarukia: "Madame, hata mama yangu iko wa Mitwaba!"

(Sisi ni watu wa Kasai, upande mwingine kabisa wa nchi. Mama yangu alifika Mitwaba mara moja tu, kuuza masufuria. Alikaa siku nne.)

"Kweli? Na weye ulizaliwa wapi?"

"Kipushi, Madame." Hilo angalau lilikuwa kweli.

Akaikazia macho badge yangu. Imeandikwa Nadège N. "Ile N, iko Ngoie?"

Ni Ntumba. Lakini alikuwa anatabasamu! Tangu nifike hajawahi kunitabasamia. Nikasema, "Ndiyo, Madame."

Akakaa chini. Kumbe bibi yake mzaa mama aliitwa Ngoie, na huyo bibi alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda kutafuta kazi mgodini Kipushi, asirudi tena. Kwa hesabu za Madame, mimi ni mjukuu wa huyo mjomba aliyepotea. Tena nimepewa jina la bibi mwenyewe! Na huku kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ndiye yeye.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka bibi wa mkuu wangu wa kazi. Kambo, kama wanavyosema. Kila asubuhi mama wa miaka hamsini, mwenye villa yake mtaa wa Golf, ananipigia makofi mawili na kupinda magoti mbele ya maabara nzima: "Jambo, Kambo!" Nami najibu, "Jambo, mujukulu." Ningefanyaje? Mafundi wakaanza kuniachia kiti.

Nilijua nakosea. Usiku nilikuwa naapa kesho nitasema. Kesho ikifika najiambia: saini ya Madame kwanza, ukweli baadaye.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya tathmini. Nikaitwa mbele ya watu wawili: Madame, na Monsieur Séraphin wa ofisi ya wafanyakazi, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka.

"Kazi yake iko muzuri," Monsieur Séraphin akaanza. "Inapita ya benzake."

Moyo ukapanda. Hapo hapo Madame akavua miwani, akafuta macho.

"Iko muzuri, Séraphin. Lakini siwezi kusaini. Règlement, sheria ya kazi, inakataza chef kuandika bandugu yake. Na huyu iko ndugu yangu."

Akasukuma karatasi mezani. Ni fomu ya kutangaza undugu. Ameshaijaza! Kwenye mstari wa uhusiano ameandika kwa herufi kubwa: GRAND-MÈRE, yaani bibi.

Monsieur Séraphin akaitazama fomu. Akatazama tarehe yangu ya kuzaliwa. Akanitazama mimi. "Huyu?"

"Njo yeye," akathibitisha Madame. "Itabidi Kambo atafute kazi fasi ingine. Inaniuma sana."

Jamani! Miezi mitatu ya kusaga mawe! Nikasimama bila kujijua, na sauti iliyotoka ilisikika mpaka getini: "Madame, miye hapana kambo yako! Nilisema buongo! Ile N iko Ntumba! Mama alienda Mitwaba kuuza masufuria!"

(Sijui kwa nini niliyataja masufuria. Hakuna aliyeniuliza.)

Kabla yeyote hajajibu, mlango ukafunguliwa. Mlinzi alikuwa anamwingiza bibi mmoja mzee, kapiga pagne mpya ya kitenge, kuku hai kwapani. Ni mama mzazi wa Madame. Madame alikuwa amemwita kimya kimya, aje kunishangaza.

Yule mama aliponiona akamwachia kuku. Akapiga magoti polepole, kwa shida, akanishika mikono yote miwili.

"Mama! Mama yangu! Ulikuwaka wapi?"

Mtu wa karibu miaka themanini, ananililia mimi. Hapo roho iliniuma kuliko aibu yenyewe. Nami nikapiga magoti. "Munisamehe, mama. Miye hapana Ngoie. Niko Nadège Ntumba, bazazi yangu beko ba Kasai. Nilibadanganya juu ya kupata kazi."

Yule mama akamgeukia Madame, uso unang'aa.

"Unaona? Njo yeye kabisa! Mama akikasirika alikuwaka anatukataa vilevile!"

Monsieur Séraphin akalaza kichwa mezani. Mabega yalikuwa yanatetemeka. Kuku akapanda juu ya dosie, faili langu la tathmini, na aliyoyafanya pale sitayaandika.

Madame yeye hakucheka. "Nadège," akasema. Wiki mbili hakuwa ameliita jina hilo, na jamani, liliniuma. "Kazi yako ilikuwa inanipendeza mbele ya ile buongo yote kuanza. Juu ya nini ulinidanganya?"

"Woga, Madame." Nikaanza kulia mbele za watu, makamasi na yote.

Monsieur Séraphin akafuta macho. "Madame, kama hapana ndugu, si unaweza kusaini?"

"Nisaini namna gani, na mama anasema iko mama yake?"

Wakabishana pale, mimi nimekaa chini sakafuni, mkono wangu mmoja bado umeshikwa na mwanangu. Mwishowe Madame akatoa uamuzi. Dosie inangoja mpaka Jumatatu. Jumapili niende kwake Golf, nimweleze mama yake mpaka aelewe. Akikubali kwamba mimi si mtu wao, kazi ni yangu. Akikataa, nimefukuzwa na familia nisiyokuwa nayo.

Kwa hiyo naombeni msicheke. Na kama kuna mmoja wenu aliyewahi kumkana binti yake wa miaka themanini bila kumliza, anifundishe kabla ya Jumapili.