Taa Iliyosajiliwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata barua ya onyo. Ya kwanza maishani! Imeingia kwenye simu wakati namlisha Kidege uji. Nimeisoma kwa jicho moja, jicho la pili likiwa kwenye kijiko. Uji umeishia sikioni mwa mtoto.

Barua ni ya wakili wa Jumuiya ya Taa. Anasema tovuti yangu, Moshi wa Taa, imeiba mali yao. Mali yenyewe ni ile taa ya ndimi tatu, ambayo kumbe wameisajili kama alama ya biashara. Yaani taa niliyoiinamia tangu naota meno ina cheti, kama sabuni. Halafu nimenukuu mafundisho ya Kiongozi, nayo yana hakimiliki. Niondoe vyote, la sivyo watamwandikia mwenye mitambo ninayokodi kuiweka tovuti, aizime nzima.

Wasomaji wangu wanadhani napigania ukweli. Napigania, ndiyo. Lakini mama yangu yumo mle ndani. Nilipotoka Jumuiya walinizima, ndivyo wanavyosema wenyewe: wanapuliza taa yako mbele ya watu, na tangu siku hiyo ndugu zako hawakupi hata salamu. Anayepuliza ni mzazi. Mama alipuliza mara moja tu, ikazimika. Alikuwa na pumzi nzuri siku zote, mwimbaji yule.

Kidege alikuwa bado tumboni. Mama hajamwona hata leo. Simu yangu hapokei, mlango hafungui. Basi naandika, naweka picha za mtoto, nangoja siku mwanadamu yule atakaposhindwa kujizuia akachungulia. Tovuti ikifa, sina dirisha lingine.

Mpango: nimefuta taa, nimechora mshumaa. Mshumaa wa ndimi tatu. Wakashitaki nyuki sasa.

Jumanne, 5 Machi

Kazini. Duka letu la nakala ni chumba kimoja, mashine mbili, feni moja inayogeuza shingo kama bibi harusi. Bosi, tunayemwita Karatasi kwa jinsi anavyolia karatasi moja ikiharibika, alikuwa nyuma anakata kadi. Akaingia kijana mwenye tai ndefu hadi chini ya mkanda. Akanipa karatasi, akaomba nakala tatu, zibanwe pini.

Nikatazama. Onyo la pili, kwa mwandishi wa Moshi wa Taa, kuhusu mshumaa.

Ni wakili wao! Hanijui, kwa kuwa tovuti naiandikia kwa jina la Mama Kivuli. Nikayatolea nakala mashitaka yangu mwenyewe. Pini nikazipiga upande wa kulia badala ya kushoto. Kisasi ni kisasi.

Mashine ikipata moto nikamchokonoa kidogo, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Tai, ndivyo nilivyombatiza, ni mtu wa kusema. Akaniambia kwao ni marufuku muumini kufungua tovuti kama ile, atazimwa. Ila sheria inataka kila kosa litajwe lilipo, kwa hiyo lazima mtu asome. Kamati imeteua mmoja tu, anaitwa Msomaji. Ameapa kusoma kila ukurasa kila siku, na kutoruka hata mmoja. Wengine walikataa kazi hiyo wakihofia macho yao kuchafuka.

Onyo lilipoingia kwenye simu nikasoma orodha yote ya makosa. Kifungu cha saba: blanketi la mtoto, lenye taa iliyotariziwa. Blanketi hilo ni langu mwenyewe tangu uchanga. Kifungu cha nane: mtoto amevalishwa sweta jepesi mno kwa majira haya.

Sweta linahusiana nini na alama ya biashara? Msomaji huyu ana kiherehere. Nimemchukia bila kumwona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeziba taa ya blanketi kwenye kila picha. Nimebandika ua juu yake. Baba Kidege, ambaye ni fundi friji na hajui kusifu, akasema sasa mtoto anaonekana kama kaburi.

Jibu halikukawia. Ua limemfunika mtoto kidevu na mkono wa kushoto. Picha ipakiwe nzima, "ili ukiukaji uthibitishwe vizuri." Tena iwe ya karibu.

Ujanja mtupu! Wanataka nirudishe taa halafu wanikamate nayo. Nimemweleza Baba Kidege. Akaendelea kula. Baadaye akauliza huyo Msomaji ni mwanamume au mwanamke. Nikamjibu kwamba nyoka haulizwi jinsia.

Mpango mpya, na huu ni kiboko: nitii. Nitii mpaka wakome. Mtoto aliposinzia mchana nimefuta taa zote, mshumaa, nukuu za Kiongozi, na kila picha yenye blanketi. Yaani karibu picha zote, maana Kidege halali, hali, wala halii bila blanketi lile. Imebaki tovuti safi kama sahani iliyolambwa. Wakitafuta kosa watafute kwa tochi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda. Sijui kwa nini naandika kalamu ikiwa nzito hivi.

Tai alikuja dukani mchana kutoa nakala ya barua ya kufunga jalada. Makosa yamekwisha, tovuti inarudi kuwa haramu kwa wote, na Msomaji anarudi kwenye kazi zake za zamani. Nikacheka moyoni. Nikamwambia bila shaka Msomaji atafurahi kupumzisha macho.

Tai akatikisa kichwa. Hapana dada, akasema, yule mama amelia. Ameomba jalada lisifungwe. Ni mtu mzima, mwimbaji wa sauti ya pili, fundi wa kutarizi. Binti yake alizimwa. Aliiomba kazi ile mwenyewe kwa kamati, anafika ofisini kabla ya mfagiaji, na mezani ameweka picha moja ya mtoto yule wa tovuti. Ukimuuliza anasema ni kielelezo.

Mashine ikameza karatasi mbili pamoja, ikakwama. Karatasi akatoka nyuma akilalamika. Nikapiga magoti kufungua mlango wa mashine, nikakaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama alikuwa anasoma. Kila siku. Na mimi nimefuta kila kitu kwa mkono wangu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewarudishia taa! Jana nilishinda kwenye kompyuta na Kidege mapajani. Taa juu, taa chini, taa pembeni. Blanketi limerudi, picha za karibu, kidevu wazi. Nimenukuu mafundisho ya Kiongozi ukurasa mzima, hata yale nisiyoyapinga. Nikamvalisha mtoto sweta zito na kumpiga picha akitoka jasho, kisha nikamwandikia wakili kwamba taa zimerudi.

Leo saa nne onyo limeingia. Refu kama kanga. Nimelisoma chooni kazini, mlango nimeubana kwa mguu. Kifungu cha kumi na tisa: sweta la sasa linafaa. Mbele kidogo: "Mtoto ameota jino la juu. Jino halina taa. Limetajwa kwa kumbukumbu tu."

Nimelia nikanawa uso nikarudi kutoa nakala za vyeti vya watu.

Baba Kidege kasoma barua yote, kitu ambacho hajawahi kufanya hata kwa maelekezo ya friji. Halafu akaniomba nikae. Akasema tumepata njia, tusiiharibu. Taa moja kwa wiki, picha mbili, kosa dogo dogo lisiloua tovuti. Mama atasoma, atatuandikia kwa mtindo wake, mtoto atakua huku bibi akimwona. Mwenye pupa, akasema, hadiriki kula tamu.

Nimekubali. Ana akili kuliko anavyoonekana.

Jumatano, 13 Machi

Nilikubali kwa siku moja.

Lakini jamani, mtu ajue mama yake yuko upande wa pili wa kioo, akae kimya? Jana nimeandika ukurasa mpya, kichwa chake "Kwa Msomaji." Nimesema Mama, najua ni wewe. Nimesema sina kinyongo kuhusu ile siku ya kupuliza. Nimetaja duka la nakala nilipo, nikamwambia aje siku yoyote asubuhi, nitakuwa na Kidege. Juu nimeweka taa kubwa kabisa, ili alazimike kuutaja ukurasa ule kwenye orodha.

Leo onyo limekuja. Kurasa zote zimetajwa, ule hamna. Nimetazama mara mbili, nikaomba Karatasi naye atazame. Hamna. Ameuruka.

Inauma kuliko ile ya kwanza. Mara ile alipuliza mbele ya watu, unaweza kusema alilazimishwa. Safari hii alikuwa peke yake na kioo, akanigeuzia mgongo.

Baba Kidege anasema sioni kilicho mbele ya pua yangu. Kila anachokitaja Mama, kamati nzima inakisoma. Akiutaja ukurasa ule, amejitaja mwenyewe. Kuuruka kwake ndiko kukushika mkono, akasema. Mwache, mke wangu.

Rahisi kwake, mama yake anakuja kila mwisho wa mwezi kumlalamikia chumvi.

Nimesubiri arudi kazini baada ya chakula cha mchana, nimeandikia kamati barua rasmi. Nimewajulisha kwamba Msomaji wao ameacha ukurasa mmoja wenye ukiukaji mkubwa wa alama yao, na ukurasa huo naambatisha. Kama wanadai haki, wadai yote. Nimetuma kabla hasira haijapoa. Sasa lazima aujibu.

Ijumaa, 15 Machi

Tai kaja asubuhi. Hakukaa kwenye kiti cha wateja. Ameniomba nakala tatu, halafu akasema taratibu kwamba moja ni yangu. Amejua. Nilitaja duka kwenye ukurasa ule, na mimi ndiye niliyeutuma.

Nikauliza habari za Msomaji. Akatazama feni kwanza.

Waliita kikao. Wakamsomea kiapo chake cha kutoruka, wakamwekea ukurasa mbele. Wenzake walimpa mwanya, akasema Tai, hata yeye alimnong'oneza: sema macho ni ya uzee, sema kompyuta iligoma, yaishe. Mama akakataa. Akasimama kama anayetaka kuimba, akawaambia:

"Niliuona. Nimeusoma mpaka nimeukariri. Nilitaka huo mmoja uwe wangu."

Basi. Wamemvua kazi. Ile picha ya mezani wamemnyang'anya. Hawakumzima, laiti wangemzima, angepata kuja kwangu. Wamempeleka jikoni kwenye tawi lao la pili, kule barabara inakoishia, aoshe vyombo mpaka wamwone ametubu. Kurasa hatagusa tena. Ikitokea tovuti nyingine, Msomaji ni Tai mwenyewe, na yeye hatazami meno ya mtoto.

Nakala yangu ni ya barua ya mwenye mitambo. Tovuti imezimwa saa tatu asubuhi. Taa zilikuwa nyingi mno, wamesema, hapakuwa na la kujadili.

Tai akaniomba pini nizipige kushoto safari hii. Nimezipiga kushoto. Alipofika mlangoni akageuka, akasema dada, muache mama yako apumzike. Nikamwambia asante. Karatasi hakunikata hela ya nakala niliyoharibu nikimsikiliza Tai. Hapo ndipo nilipojua nimeharibikiwa.

Jumapili, 17 Machi

Baba Kidege hasemi nami tangu juzi. Si ugomvi. Anampakata mtoto, anatengeneza friji ya jirani, anapita. Leo alifungua mdomo mara moja, akasema tungoje. Mwaka, miwili. Mama akionekana ametulia watamrudisha mjini, na hapo tutatafuta namna ya kimya. Kimya, kimya. Neno hilo kalisema mara nyingi kuliko jina langu.

Kidege kalala kwenye blanketi. Nimeipapasa ile taa kwa kidole. Uzi wa Mama haujaachia hata mmoja.

Nimewaza sana, na nimeona kosa langu lilipokuwa. Niliandika mahali panapofungika. Tovuti ina mwenye mitambo, mwenye mitambo anaogopa wakili. Na niliandika kwa herufi ndogo, mtu mzima yule akahangaika nazo.

Kitambaa cha bango hakina mwenye mitambo. Karatasi ana kipande kilichobaki cha mkutano wa siasa, upande mmoja ni safi, kaniambia nichukue mradi nisimwambie kinaenda wapi. Tai aliropoka mwenyewe tawi ni lipi, na dirisha la jikoni linaangalia barabara. Nimepita jana na mtoto mgongoni, nimepima kwa macho. Nitakining'iniza kati ya nguzo mbili za umeme, Jumapili ijayo watakapokuwa wanatoka ibadani, kamati nzima wakiwemo. Picha ya Kidege upande mmoja, taa upande wa pili, na katikati maneno mekundu: MAMA, NAJUA ULINITUNZIA SIRI, BADO NIKO PALE PALE.

Mita sita. Ukurasa wa mita sita, Mama, huo huwezi kuuruka.