Nilivyoipika Pete ya Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai

Saba Saba imepita, mji umeamka, duka langu halijaamka. Kutwa nzima hapa Msimbazi wameingia watu wanne. Wawili walikuwa wanauliza njia. Sufuria zimenikodolea macho tangu asubuhi.

Mama mkwe, Mama Severa, ameingia jana kutoka Kibosho. Kapanda ngazi zote za ghorofa tatu hadi kwetu Mchafukoge bila kupumzika. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza kama bado nauza sufuria. Nikasema ndiyo. Miaka tisa ya ndoa yangu na Leticia, na bado ananitazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Jumamosi ni send-off ya Jacqueline, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Mama atamvisha pete yake mbele ya ukoo mzima. Pete ya dhahabu yenye jiwe la tanzanaiti kubwa kuliko punje ya mahindi, aliyopewa na marehemu baba mkwe siku ya jubilei yao ya miaka ishirini na mitano. Hana kingine cha marehemu anachoweza kukivaa. Ila imefifia. Mafuta, sabuni, vumbi la shamba. Bluu imegeuka kijivu.

Halafu kuna ndafu. Mbuzi mzima wa kuchoma, majani mdomoni, anaingizwa ukumbini kwa ngoma, na mbele yake anatangulia mkwe mmoja ameshika kisu. Mama ndiye anayechagua mkwe huyo. Tuko wawili: mimi, na Benedict, mume wa Severa, dada mkubwa wa Leticia, mwenye gari na sauti nzito. Kwenye send-off ya mke wangu mimi, kisu alishika Benedict. Sijasahau.

Mama anataka kuipeleka pete kwa Hafidhi, sonara wa chini ya jengo letu. Nimeshuka kumchunguza anavyosafisha. Nimeshtuka! Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki wa mtoto, kitambaa laini. Basi. Kwa kazi hiyo watu wanapanga foleni. Huu ni utapeli wa mchana kweupe. Mwenye sufuria za saizi zote hawezi kushindwa na mwenye mswaki.

Nikimrudishia Mama pete inayowaka, kisu ni changu.

Jumanne, 9 Julai

Jaribio la kwanza. Nimepata video kwenye simu. Unatandika foili kwenye sufuria, chumvi, magadi soda, maji ya moto, vito vinatoka vipya. Leticia alikuwa kwenye kikao cha kamati. Nikachukua hereni zake za dhahabu, nilizomletea kutoka Dubai mwaka tuliofunga ndoa.

Nikachemsha dakika kumi. Maji yakawa ya kijani. Nikafurahi, nikajua uchafu wa miaka tisa unaachia. Nikazitoa kwa kijiko. Nyeupe. Nyeupe kama misumari.

Nimeshtuka mno. Dhahabu haifanyi hivyo. Nikakaa kwenye stuli ya jikoni nikitafakari ni nani aliyetutapeli. Ndipo nikakumbuka. Dubai sikufika. Safari ilikufa uwanja wa ndege, kwa mambo ya viza, na hereni nilizinunua Kariakoo, mtaa wa nyuma, za kupaka dhahabu juu, na muuzaji aliniambia wazi kabisa kwamba ni za kupaka. Hadithi ya Dubai nimeisimulia mara nyingi hadi mwenyewe nikaiamini.

Leticia akarudi. Nikamwambia ni heri aupate ukweli kutoka kwangu. Akauliza ukweli gani, maana yeye anaona sufuria tu. Nilikuwa nimeanza, ikabidi nimalize. Hajasema nami tangu hapo, isipokuwa kunionya nisiguse kitu chochote cha mama yake.

Namwelewa. Lakini kosa lilikuwa la hereni, si la mpishi.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi Mama amenipa pete mwenyewe! Leticia alikuwa ameshatoka, na ya hereni Mama hajaambiwa. Akaniita baba Lucky, kwa jina la mwanetu, kwa upole ambao sijauzoea, akaomba nikishuka nimpitishie Hafidhi, nimwambie aisafishe taratibu. Akaivua kwa sabuni maana kidole kimeizoea. Akaifunga kwenye leso, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikapita mlangoni kwa Hafidhi bila kugeuza shingo.

Sasa nitaandika siri ambayo jengo zima hawaijui. Binamu yangu Elisaria alichimba Mirerani miaka miwili. Alinieleza kwamba tanzanaiti nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, mfano wa chai ya rangi. Hupikwa. Moto ndio unaoitoa bluu. Kwa hiyo jiwe likififia linahitaji nini? Lirudishwe jikoni! Mswaki wa mtoto utasaidia nini hapo? Niliishangaa akili yangu.

Fatuma, mama lishe wa nyuma ya duka, alikuwa amemaliza chapati na mkaa ungali mwekundu. Nikaomba jiko. Akauliza napika nini kwenye sufuria ndogo vile, tena bila maji. Nikasema dawa. Nikaweka mchanga, pete katikati, mfuniko, mkaa chini na mkaa juu, kama anavyooka mkate wa kumimina. Nusu saa. Nikafunua. Dhahabu imekuwa nyeusi, lakini jiwe, naapa, lilikuwa bluu kuliko asubuhi.

Ikabaki kuifunga rangi isitoroke. Mafundi wa kuchomelea huwa wanatumbukiza chuma cha moto kwenye maji baridi, nimewaona kwa macho yangu. Nikaishika pete kwa koleo, nikaitumbukiza kwenye ndoo ambayo Fatuma anapoozea soda.

Tii.

Kasauti kadogo tu. Nakasikia hadi sasa. Ufa umekata jiwe upande mpaka upande, na kona moja ikabaki ndani ya ndoo, katikati ya vipande vya barafu. Ilinibidi nipapase kipande kimoja kimoja kuitafuta. Fatuma akachungulia, akasema dawa imeiva.

Nikakaa juu ya gunia la mkaa na suruali yangu ya kaki. Mzee wa watu amelala Kibosho, na mimi nimepasua kitu pekee alichomwachia mkewe.

Alhamisi, 11 Julai

Gundi haishiki jiwe. Inashika vidole. Nimefungua duka nikiwa na kidole gumba na cha shahada vimegandana, pete katikati. Mteja alidhani namwonyesha ishara, akaondoka amekasirika. Mafuta ya taa ndiyo yameniokoa.

Mchana Mama akauliza kuhusu pete. Nikamjibu kwamba Hafidhi ana kazi nyingi. Akasema vizuri, jioni atashuka mwenyewe kumsalimu. Nilishuka ngazi kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia tangu jeshini.

Hafidhi akaweka lenzi jichoni. Akauliza nani amefanya hivi. Nikasema rafiki yangu mmoja. Akatazama vidole vyangu vilivyoungua, akasema huyo rafiki ajue kwamba tanzanaiti ni jiwe laini, halitaki moto, halitaki mshtuko. Jiwe hupikwa kiwandani kabla ya kukatwa, mara moja, na wanaojua. Lililokwisha kupanda kwenye pete huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Hili halikuwa limefifia hata kidogo. Lilikuwa na mafuta ya nazi kwa chini.

Mafuta ya nazi! Nilitaka kulia mbele ya wateja wake.

Akasema upande mmoja wa jiwe ni mzima. Anaye mkataji, anaweza kutoa humo jiwe dogo, chini ya nusu ya lile la zamani. Akipata kazi kesho mapema, Jumamosi mchana iko tayari. Nikamwambia akate. Akakataa. Yeye hakati jiwe la mtu mpaka mwenyewe atamke. Nikamsihi. Akafungia pete kwenye kibahasha, akanirudishia, akaniombea kwa Mungu. Hilo la kuniombea ndilo lililonitisha zaidi.

Mama sikumruhusu ashuke. Nilimwambia Hafidhi ana mafua makali.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeamka na mpango. Mpango safi kuliko yote!

Kwetu Uchagani, mtu akikosa hupeleka jani la isale. Ukishalipokea jani mkononi umesamehe, huna njia ya kurudi nyuma. Sasa, hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima kosa litajwe kwanza. Ningempa Mama jani, apokee, halafu ndipo nimweleze. Msamaha uko mfukoni kabla ya kesi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa sokoni Kariakoo kwa Mama Anaeli, anayeuza ndizi mshare. Isale ameipanda kwenye ndoo ya rangi nyuma ya meza. Akauliza ni la mke au la mkwe. Nikasema la mkwe. Akakata refu. Akanitazama tena usoni, akaongeza la pili.

Mama alikuwa sebuleni anamenya ndizi. Nikapiga magoti, nikanyoosha majani kwa mikono miwili. Kisu kikasimama. Akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna, Mama, nakuomba upokee tu. Akasema niseme kwanza. Nikasema apokee kwanza. Leticia akatoka jikoni na mwiko, akaona majani, akaweka mkono mdomoni. Mama akanitazama sana. Nilidhani atakataa. Akafuta mikono kwenye kanga, akapokea.

Ndipo nikafungua kibahasha.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele, na hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku zote za wiki hii. Alivichukua vile vipande, akaviweka kwenye kiganja, akavisogeza kwa kidole. Akasema kwamba mwaka wa jubilei mzee alitumwa mjini kununua ng'ombe. Akarudi na pete. Yeye akamnunia wiki mbili, na mzee akawa anakula chakula baridi bila kulalamika. Kisha akasema laiti angejua asingenyoosha mkono, lakini ameshaunyoosha.

Nilijaribu kujisikia mshindi. Nilisubiri hisia hiyo hadi chai ikapoa, haikuja.

Akavaa viatu, akashuka ngazi peke yake kwenda kumwambia Hafidhi akate. Alipofika akamuuliza anaendeleaje na mafua.

Jumapili, 14 Julai

Jana sikuandika.

Ukumbi ulijaa, watu mia tatu. Nilivaa tai ya kijani. Hafidhi alikuwa ameleta pete saa saba mchana, imeng'aa, jiwe dogo kama punje ya mchele katika kitako ilichobidi akipunguze. Wakati wa kumvisha Jacqueline ulipofika, Mama akashika kipaza sauti. Nikamwomba Mungu Mama aseme machache.

Akasema wengi hapa wanaikumbuka pete hii ikiwa kubwa. Imepungua. Akasema hata baba yao alikuwa mtu mkubwa, na wote waliomuuguza wanajua alivyopungua mwishoni, hadi yeye akawa anambeba kumtoa kitandani kama mtoto. Alikuwa yule yule. Hakumpenda kidogo kwa sababu amebaki kidogo. Akamwambia Jacqueline akaishi hivyo na mume wake. Akamvisha.

Ukumbi mzima ulikuwa unafuta macho. Severa alilia, Leticia alilia akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Hata Benedict alitoa leso. Mimi nililia kwa sauti hadi mpiga picha akanisogelea. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyowahi kumpenda, na niliona haya.

Kisha akaongeza kwamba aliyeipunguza pete amekaa pale, ana tai ya kijani, anaitwa Vitalis, anauza sufuria Msimbazi, na kwamba amekwisha kumsamehe kwa hiyo na wengine wamsamehe. Watu mia tatu wakageuka. MC akaniambia nisimame nipunge mkono. Nikapunga.

Kisu cha ndafu alishika Benedict. Mimi nilipewa sahani ya vijiti vya meno, nikafuata nyuma ya mbuzi.

Jumanne, 16 Julai

Mama ameondoka leo alfajiri. Mlangoni akanishika bega, akaniambia nibaki na sufuria zangu. Nimeguswa sana. Ni mara ya kwanza ananisifia biashara.

Nimetafakari wiki nzima iliyopita na nimeona kosa lilipokuwa. Moto. Vito havitaki moto. Ukweli umenigharimu, lakini sasa ninao.

Na tazama Mungu alivyo! Asubuhi nimekutana kwenye ngazi na Shamsa wa ghorofa ya pili, mkononi mkufu wa lulu wa bibi yake, za baharini, zimeingia umanjano. Ijumaa ni nikaha ya kaka yake, na alikuwa anaupeleka kwa Hafidhi, ila amechelewa kazini. Nikamwambia mimi napita huko huko. Akashukuru sana, akakimbia.

Moto sikuusogelea, mimi si mjinga. Bakuli, siki, mahali penye kivuli. Zimelala humo tangu saa mbili. Zinatoa mapovu madogo madogo bila kukoma, na siki imekuwa kama maji ya mchele. Umanjano umekwisha kabisa. Asubuhi zilikuwa kubwa kama njegere, sasa ni kama dengu, na uzi umeanza kulegea. Sikujua lulu moja inaweza kubeba uchafu mwingi kiasi hiki.

Nimeongeza siki.