Waliobisha Hodi Wakiwa Ndani

Gundi ya tangazo ilikuwa bado haijakauka kwenye geti la chuo cha wauguzi, na Wembe alikwisha kulihukumu. Tangazo lilisema kwamba mwaka huu matokeo ya mitihani hayatabandikwa ukutani kama ilivyozoeleka; yatafunguliwa mtandaoni leo saa saba mchana, na kila mwenye namba ya mtihani atayaona popote alipo. Wembe, kinyozi ambaye kiti chake cha kunyolea kilikuwa hatua sita tu kutoka kwenye benchi la soga, alisema huo ni uonevu. Mtu akifeli ana haki ya kufeli mbele ya watu, apate wa kumshika mkono. Sasa atafelia chumbani peke yake, na simu yenyewe imeisha chaji.

"Kwani wewe ulifelia wapi?" Mama Nakala akamuuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine yake ya kunakilisha.

"Mimi nilifelia ukutani, hadharani, mama mzazi kanishikia mwavuli."

Walicheka wote, isipokuwa mzee aliyeketi mwisho wa benchi, mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta wa chuo. Huyo walimwita Nukta. Miaka thelathini na minne alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na alipostaafu yeye, mazoea yake hayakukubali kustaafu. Mtu akizungumza mfululizo bila kupumua, mzee huinua kidole na kusema "nukta", na msemaji hulazimika kusimama hapo alipofika.

Leo hakuwa na hamu ya kumsimamisha mtu. Mlango huo wa mtandaoni wa matokeo ulikuwa umekabidhiwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, fundi wa mtandao wa chuo ambaye benchi zima lilimwita Kebo. Kwa siku tatu mlango uligoma kufunguka, na asubuhi hii mkurugenzi alikuwa amesema maneno machache yasiyohitaji kusahihishwa: ikifika saa saba umefungwa bado, ataitwa fundi mwingine, na mkataba wa Kebo unaokwisha mwisho wa mwezi hautaandikwa upya. Nukta ndiye aliyekwenda kumwombea kijana kazi ile, kanzu imepigwa pasi na barua mkononi. Akifukuzwa, dada yake hatamlaumu kwa maneno. Atanyamaza tu, na mzee aliuogopa mno ukimya wake.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Kebo hakulijua. Miaka miwili nyuma Nukta aliitwa ofisini kusahihisha vyeti vya mahafali, na karani akamwandikia kwenye karatasi neno la siri la waifai ya ofisi, alitumie kwa kazi ya siku ile. Kazi ikaisha, karatasi ikabaki mfukoni. Wembe aliiomba kwa unyenyekevu mkubwa, Mama Nakala akaiomba kwa ajili ya biashara, na mzee, ambaye hakuwahi kula tende ya mtu bila idhini, alijitafutia hoja ya kuwapa: waifai ile inavuka ukuta yenyewe, na mwanga wa taa ya jirani ukikuangukia usoni huwezi kuambiwa umeuiba. Hoja hiyo ilikuwa imemtosha mpaka wakati huo, ingawa hakuwahi kuthubutu kuitoa mbele ya imamu.

Saa tano na robo Kebo alitoka getini, shati limemtoka kwenye suruali, akaketi kati yao kama mzigo ulioshushwa. Wembe alimpima kwa macho, akasema kichwa kile kikinyolewa sasa kitatoa moshi. Kebo akatoa karatasi yenye anwani ya ukurasa wa matokeo, anwani ambayo hadi saa saba ilikuwa siri na alikuwa ameikabidhi kwa watu hawa watatu tu, akawaomba wajaribu tena. Yeye mwenyewe alikuwa na simu ya kubofya. Alisema anayeshinda siku nzima akitazama vioo vya kompyuta hana sababu ya kutembea na kingine mfukoni.

Wakajaribu. Simu tatu zikazungusha kiduara, zikazungusha, kisha zikakata tamaa kwa pamoja.

"Haipatikani," alisema Mama Nakala, kwa sauti ya kupokelea msiba.

Wembe akataka kuelezwa kwa lugha ya binadamu kinachogoma ni nini hasa. Kebo alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyotulia. Kila mashine iliyomo chuoni ina anwani yake ya ndani, isiyojulikana barabarani. Kwa watu wa barabarani, chuo kizima kina anwani moja tu. Katikati amesimama bawabu, na bawabu huyo ndiye fayawoli. Anayetoka, bawabu humvua anwani ya ndani na kumvika ya nje. Anayeingia akiulizia anwani ya nje, bawabu hutazama orodha yake ya amri ili ajue ampeleke kwenye mashine ipi.

"Kazi hiyo tunaiita kutafsiri anwani," alimalizia.

"Anwani haitafsiriwi," Nukta akasema. "Yanayotafsiriwa ni maneno. Anwani hubadilishwa."

"Mjomba, leo niachie."

Wembe alisema wao wameelewa vizuri, maana jambo lenyewe wanalo pale pale benchini. Akasimulia jinsi alivyomwelekeza mteja mmoja nyumbani kwa mzee, akasahihishiwe kadi za harusi. Mteja akabisha hodi, akamuulizia Nukta. Mke wa mzee akamjibu kwa adabu zote kwamba humu anaishi Baba Rukia. Kama ni nukta, akaitafute kwenye daftari. Mteja akaondoka zake, na kadi zikachapwa zikisema bwana arusi anaolewa.

Kebo alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema mke wa mjomba hana kosa; alikuwa bawabu asiyepewa amri. Ndivyo alivyoanza yeye siku ya kwanza, akakuta amri ya wageni wa matokeo imeandikwa chini ya amri nyingine ya jumla, na kwa kuwa bawabu husoma kutoka juu na kuishia kwenye amri ya kwanza inayomfaa, wageni wote walikuwa wakimezwa kabla hajafika chini. Akaipandisha. Siku ya pili akagundua namba ya mlango wa mashine imeandikwa mia nne arobaini na nne badala ya arobaini na tatu.

"Kosa la chapa," alinong'ona Nukta, na uso wake ukaonyesha maumivu ya kweli.

Akalirekebisha hilo nalo. Siku ya tatu kila kitu kikawa sawa, na bado mlango haufunguki. Kilichomchanganya zaidi ni daftari la bawabu, ambamo kila anayebisha hodi huandikwa, awe ameingia au amefukuzwa.

"Nimelisoma mstari kwa mstari," alisema Kebo. "Jana saa nne mlijaribu ninyi watatu, tena zaidi ya mara kumi. Daftari halina mtu aliyebisha hodi kutoka nje. Hata mmoja. Nimegombana na binti wa kampuni ya mtandao mpaka akanikatia simu. Anasema laini yao ni nzima, na mimi nikamwambia watu wangu hawawezi kusema uongo."

Wembe alikohoa kidogo.

Katika kazi ya zamani ya Nukta lilikuwapo kosa la namna moja lililokuwa baya kuliko yote: neno lililoandikwa sawasawa, herufi zote zimetimia, ila halikuwa neno lililotakiwa pale. Jicho hulipita mara mia. Alihisi neno la namna hiyo limepita sasa hivi mbele yake, akalirudia moyoni taratibu. Kutoka nje.

"Hebu niambie," akasema. "Mtu akiwa ndani, halafu akaulizia kwa anwani ya nje, inakuwaje?"

Kebo alisema mtu huyo hapati kitu. Bawabu humshangaa: unaulizia kwa jina la barabarani, nawe umeketi sebuleni? Katika orodha hamna amri ya mtu wa aina hiyo. Inaweza kuwekwa, lakini yeye hakuiweka, kwa kuwa hakuna aliyeihitaji.

"Ndiyo maana sijaribu kwa kompyuta za ofisini, mjomba. Natoka mpaka hapa. Nakuja kwenu ninyi, watu wa nje."

Wembe aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya goti. Mama Nakala alianza kufuta kioo cha mashine, kilichokuwa kikimeta tangu asubuhi. Mzee aliutazama ukuta aliouegemea, akaona jinsi ulivyo mwembamba, na ile hoja yake ya taa ya jirani ikamponyoka kama utepe uliofunguliwa fundo. Angeweza kunyamaza. Saa saba watu wenyewe wangejaribu, mlango ungefunguka, na asingejua mtu. Lakini mkurugenzi hangoji mpaka watu wajaribu. Atataka kuonyeshwa kabla, na Kebo hatakuwa na cha kuonyesha ila daftari tupu.

"Mwanangu," akasema, "sisi si watu wa nje."

Kebo akaguswa. "Najua, mjomba. Ninyi ni jamaa zangu, ndiyo maana nawategemea."

"Sisemi undugu. Nasema waifai."

Akamweleza yote, tangu karani mpaka karatasi, bila kujipunguzia neno hata moja. Kebo alisema kwa upole uliowauma kuliko matusi kwamba siku tatu ametafuta watu wa nje, akaletewa watu wa ndani waliokaa barabarani. Wembe alijitetea kwamba wao walipokea tu, hawakuomba. Mama Nakala akamkumbusha ni nani, mwezi uliopita, alimtaka mzee aende ofisini kulalamika kwamba mpira unakwamakwama kwenye simu na kasi iongezwe.

"Nilikuwa nasaidia chuo," alisema Wembe.

Kebo akawaamuru wazime waifai na wajaribu kwa bando. Hapo likazuka balaa jipya: hakuna aliyekuwa na bando. Kwa miaka miwili hakuna aliyelinunua. Wembe alivuka barabara kwenda dukani, na muuza vocha alimuuliza kama ametoka safari. Aliporudi alikuwa amesahau namba za kuliunga. Mama Nakala akamnyang'anya simu na kuziunga mwenyewe, huku akimwambia kwamba mtu anayesahau vitu vya lazima kiasi hicho asingepewa wembe.

Kiduara kikazunguka mara moja, kikatoweka. Nembo ya chuo ikajitokeza, na chini yake kisanduku cheupe kikisubiri namba ya mtihani.

Kebo aliinyakua simu. Aliinuka akakimbilia getini, ndala moja ikamtoka njiani, naye hakuirudia. Ilipotimia saa sita alikuwa amekwisha kumwonyesha mkurugenzi ukurasa uliofunguka kwa simu ya kinyozi, na ndani ya daftari mgeni mmoja wa kweli, aliyebisha hodi kutoka nje saa sita kasoro dakika nane. Kisha akaongeza ile amri ya watu wa sebuleni, ili na walimu nao waone. Saa saba ikaingia na mlango uko wazi. Getini vijana waliinamia simu zao; mmoja akapiga ukelele, mwingine akaketi chini palepale, na watu wawili wasiomjua wakamshika mkono. Wembe alipoona hivyo, alikubali kwamba labda mambo hayajaharibika kabisa.

Saa nane Kebo alirudi na karatasi moja iliyochapwa. Mkurugenzi alikuwa ametaka maelezo ya maandishi kuhusu siku zile tatu, na mkurugenzi hapendi makosa ya lugha. Akamwomba mjomba aipitie. Nukta alivaa miwani na kusoma kwa sauti ya chini: majaribio yalipotoshwa na watumiaji wasiojulikana, waliokuwa barabarani lakini wameunganishwa na mtandao wa ofisi, neno la siri limebadilishwa.

Mama Nakala alisema ni maelezo mazuri sana, hayana hata pa kugusa. Wembe akaafiki kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Mzee alichomoa kalamu. Akaondoa mkato mmoja uliozidi. Kisha akarudi kwenye neno moja, akalikata silabi katikati na kuandika nyingine juu yake, kwa mwandiko ule ule mdogo wa miaka thelathini na minne, na "wasiojulikana" wakawa "wanaojulikana".

Kebo aliweka kidole juu ya neno hilo. "Mjomba, nikipeleka hivi wataniuliza ni kina nani."

"Hutaulizwa wewe," alisema Nukta, akainuka na kuipangusa kanzu yake. "Nakwenda nawe."

Wembe akakumbuka ghafla kwamba ana mteja anayemsubiri. Mama Nakala alikitazama kile kiti cha kunyolea, kilichokuwa kitupu tangu asubuhi, akaifunika mashine yake kwa shuka, akamshika kinyozi mkono na kumwambia kwamba huyo mteja naye aje, asiachwe peke yake.