Chaja Imesema Tayari

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Bosi katuita asubuhi, mimi na Taratibu, akasema kiti cha mpimaji wa chaja ni kimoja. Kimoja! Miezi yote hii tumekuwa vibarua wa meza moja, sasa mmoja anaajiriwa na mwingine anapelekwa stoo kufunga maboksi. Ijumaa anakuja mteja kuona chaja yetu mpya ya laptopu. Atakayeipima vizuri kabla ya hapo, kiti chake.

Taratibu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na mimi naishi kwa shangazi. Adui yangu nagombania naye mpaka sabuni. Jina hilo nimempa mimi. Anachomeka waya, anachungulia mita, anaandika. Anachomoa, anageuza kichwa cha waya, anachomeka tena. Huku anapiga mluzi! Konokono angempigia honi.

Mimi chuo sikwenda. Nimejifunza kwa kufumua redio za watu, na nyingine zilirudi zikaimba. Nitaunda mashine ipime yenyewe. Taratibu aanze kuzoea gundi ya maboksi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mashine ipo. Niandike inavyofanya kazi, maana siku moja watu watataka kujua. Chaja za siku hizi hazimwagi umeme ovyo. Zinapatana kwanza, kama watu sokoni. Chaja inanadi: nina volti tano, tisa, kumi na tano, ishirini. Laptopu inachagua: nipe ishirini. Chaja inajibu: sawa, ngoja. Halafu inasema: tayari. Yote hayo yanapita ndani ya waya kabla hujapepesa jicho. Mimi nimetengeneza kibao cha saketi kinachojifanya laptopu. Kinapatana na chaja kutwa nzima, mkono wangu mfukoni. "Tayari" ikija, kompyuta inaonyesha kijani. Isipokuja, nyekundu.

Nikawasha. Nyekundu. Nyekundu tupu! Chaja imegoma hata kuunadi ule umeme mkubwa. Nikajua hapohapo, huu ni mkono wa mtu. Nikasimama katikati ya chumba, nikamwambia Taratibu mbele ya mafundi wote kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Yeye kaunyanyua waya wangu kwa vidole viwili, kauliza nimeutoa wapi.

Nimeutoa kwenye taa ya shangazi ya kuchaji. Mwembamba kama kamba ya kiatu. Kumbe chaja ikiona waya hauwezi mzigo, mzigo hainadi. Akanipa waya wake mnene, akarudi kwenye mluzi wake.

Sijamwomba radhi. Leo hakunihujumu, lakini angeweza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kijani! Kijani mpaka macho yanauma! Chaja zote za mezani, kila volti. Nimeweka miguu juu ya meza nikanywa chai, na Taratibu bado anahangaika na chaja ileile ya asubuhi. Bosi kaja, kaona, kanipiga begani.

Basi mluzi ukakatika. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mgonjwa:

"Ndugu yangu, umeme wenyewe umeupima?"

Nikamwambia chaja imesema tayari. Akasema kusema ni kusema, niweke mita kwenye waya nione. Niweke mita! Yaani nirudi kuchungulia mita kama yeye, halafu mashine nimeunda ya nini? Nikamwambia wivu ni ugonjwa, akatafute dawa. Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi hasira ikapanda palepale. Mtu ukimtukana vizuri hivyo, angalau anune.

Jioni shangazi kauliza mbona wanawe hatutazamani. Nikamweleza kwamba mmoja wetu karibuni atafunga maboksi. Akasema huyo wa maboksi aanzie kwenye vyombo, akanitazama mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeificha mita. Kinyozi bila wembe ni mtu aliyesimama tu. Nimeisukuma nyuma ya birika la chai, nikarudi kwenye kiti changu nikijikuna.

Taratibu kaitafuta, kaikosa, hakulalamika. Ananiudhi huyu mtu! Kashuka chini kwa fundi redio, kaazima ya kwake. Mchana kamwendea Bosi na maneno: programu iliyomo ndani ya chaja mpya ina kasoro. Ikiombwa volti ishirini inasema tayari, lakini kwenye waya zinabaki zilezile tano za kuanzia.

Bosi akanigeukia. Nikasema mita ya kuazima nani anaiamini? Imezoea kupima redio zilizokufa. Akauliza yetu iko wapi. Nikasema mambo ya wizi siku hizi yamezidi.

Akatuangalia wote wawili. Kwangu ukuta mzima wa kijani, kwa Taratibu karatasi yenye alama ya chai. Akaamua mteja ataonyeshwa mashine yangu. Ushindi! Nimelala chali kitandani, nacheka peke yangu, na Taratibu anasikia ng'ambo ya ukuta.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira tu.

Mteja ni mama mwenye maduka ya laptopu, hacheki bure. Nikawasha mashine. Kijani juu mpaka chini. Nikaeleza, nikapunga mikono. Yeye katoa laptopu yake mkobani, betri inakata roho, kaichomeka kwenye chaja yetu. Tukasubiri. Laptopu ikazimika.

Skrini yangu bado kijani!

"Kijana," akasema, "nani amekwambia umeme umefika?"

"Chaja, mama. Imesema tayari."

"Kwa hiyo umemuuliza mwizi kama ameiba."

Palepale kaingia dada wa chai, mita mkononi, anauliza ni ya nani, ameikuta inapikwa na birika. Bosi hakuniuliza kitu. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Akamwambia Taratibu kiti ni chako, rekebisheni hiyo chaja, mama atarudi.

Taratibu naye kaniombea! Kasema nisipelekwe stoo, nibaki kama msaidizi wake. Nimetukanwa sana maishani, lakini kuhurumiwa na mpiga mluzi!

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeosha vyombo. Sitaki kuulizwa.

Taratibu kabisha hodi chumbani na mita mkononi. Kasema mashine yangu ni nzuri kuliko chochote alichoona chuoni, inakosa jicho tu. Tuiunganishe na mita, kompyuta isome volti zenyewe, kesho tumpelekee Bosi kwa majina yote mawili. Nikamwambia aniachie, nitaangalia. Mita nimeitupa chini ya kitanda. Kosa langu nalijua mwenyewe, sihitaji mtu wa kunionyesha.

Niliiuliza chaja mara moja tu! Ukimuuliza mtu mara moja, lazima akudanganye. Programu mpya ya mashine yangu inauliza mara tatu, na mara ya tatu inamshtukiza. Nimeijaribu sasa hivi kwa chaja ileile mbovu, niliyoibeba nyumbani pamoja na mashine.

Tayari. Tayari. Tayari.

Kijani! Kesho Taratibu atanitambua.