Kambare Katika Pipa la Mama Mdogo

Jumatatu, 12 Mei
Siku tukufu! Ghala letu la sabuni hapa Industrial Area lina wanagenzi wawili, mimi na Kweyu, na nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Leo wakati wa chai Bwana Nabiswa, mkuu wa ghala, aliuliza kama kuna kijana anayejua kuvua kambare. Mkono wangu ulipaa kabla sijaushauri. Nikatamka kwa sauti ya kiungwana kwamba nimevua kambare tangu utotoni. Kweyu akauliza nilivulia wapi, maana nimezaliwa Komarock, ambako hata maji ya mfereji huja kwa zamu. Husuda! Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kifamilia. Bwana Nabiswa ametualika sote Jumapili, kwenye bwawa la machimbo ya zamani, kando ya Kangundo Road.

Bi. Mitchelle wa ofisi ya wafanyakazi alitukumbusha ripoti ya uanagenzi. Ukurasa mmoja, mwisho Ijumaa. Jambo dogo.

Jumanne, 13 Mei
Utafiti. Kambare huongozwa na harufu. Nimepata matumbo ya kuku Soko la Burma, nikayafunika ndani ya ndoo jikoni ili yakomae. Mama mdogo Kadija, ninayeishi kwake, aliuliza ni nani amefia jikoni mwake. Nikamweleza kwamba huo ni uwekezaji. Akasema uwekezaji huo ulale nje, na mwekezaji akibisha, naye alale nje.

Jumatano, 14 Mei
Je, kambare wasipouma? Msomi haachi mustakabali wake mikononi mwa samaki. Gikomba kuna mama auzaye kambare walio hai kwenye beseni. Nimemnunua mmoja mnene, mwenye ndevu za heshima. Mpango: nitamficha bwawani ndani ya gunia, kisha nimtundike kwenye ndoana yangu wenzangu wakitazama kando. Kwa sasa anaishi katika pipa la maji. Mama mdogo sijamwarifu.

Alhamisi, 15 Mei
Heri ningemwarifu. Alfajiri alitumbukiza kopo achote maji ya udhu, kambare akampapasa mkono kwa ndevu. Mayowe yaliamsha wapangaji wa ploti nzima. "Fahim! Shahada ya chuo ndiyo imekufunza kufuga mashetani kwenye maji yangu ya ibada?" Nikamtuliza kwa ahadi: baada ya Jumapili kambare ni wake, ampike kwa nazi. Alishusha kopo. Kisha akauliza kama kichwa pia ni chake. Mchana alikuwa keshanunua nazi.

Ijumaa, 16 Mei
Kambare ametoroka! Mvua ilinyesha, akaruka kutoka pipani, akatambaa kibarazani akielekea mtaroni. Nani alijua samaki hutembea? Nimemkamata mlangoni pa jirani, nikiwa nimevaa suti. Nilifika kazini nikinuka bwawa zima. Kweyu akatangaza: "Niaje, Kapteni! Umetuletea sampuli?" Bi. Mitchelle akaulizia ripoti. Nikamwomba radhi kwa sababu ya dharura ya kitaaluma. Akaziba pua, akaniongezea muda hadi Jumatatu asubuhi. Yake Kweyu ilifika Jumanne. Kijana asiye na maono.

Jumapili, 18 Mei
Nilitangulia bwawani, nikalizamisha gunia penye matete. Bwana Nabiswa akaja na kiti cha kukunja, chai ya chupa na mihogo ya kuchemsha. Aliyatazama matumbo yangu kwa huruma. Yeye hukata kipande cha sabuni ya kufulia, na kukitia kwenye ndoana, maana kambare huipenda. Sabuni! Nami hulala na kuamka nikipanga makatoni yake!

Niandike ukweli. Tulikaa. Maji yalikuwa ya kahawia, wala hayakumdai mtu chochote. Nilishika mshipi kwa kidole kimoja. Mara ukatetema, ukatulia, ukatetema tena, kama mgeni anayebisha hodi huku akijiuliza kama aingie. Bwana Nabiswa akaninong'oneza: "Pole pole, kijana. Mwache aonje kwanza." Nilisahau ajira. Nilisahau hata gunia.

Ndoana ya Kweyu haikulisahau. Ililinasa, akalivuta, akalifungua. "Bosi, kuja uone! Kambare wa huku wanajipaki wenyewe!" Na gunia, ole wangu, lilikuwa na muhuri wa ghala letu. Nikaeleza kwa utulivu kwamba hiyo ni mbinu ya kale ya familia. Bwana Nabiswa alicheka hadi akajimwagia chai. Kisha akamtoa kambare, akampapasa kichwa, akamrudisha majini. Kanisa lao halili samaki asiye na magamba. Yeye huvua kwa raha tu.

Nazi ya mama mdogo!

Nikamuuliza, kwa adabu zote, kuhusu ajira. Akashangaa. Hayo ni ya Bi. Mitchelle, akasema, yeye hata hashauriwi.

Nyumbani nazi ilikuwa imeshakunwa. Nimekula wali mkavu na maneno mengi.

Jumatatu, 19 Mei
Nafasi ameipata Kweyu. Ripoti yangu haikufika kwa kuwa haikuandikwa. Bi. Mitchelle, mtu mwenye moyo mwema, ameniongezea miezi mitatu ya uanagenzi, kwa sharti kwamba ripoti ifike Ijumaa bila kukosa. Bwana Nabiswa naye amenialika tena bwawani, nije bila gunia. Nilikubali haraka kuliko inavyomfaa mtu wa hadhi yangu.

Hata hivyo, kosa langu sasa nimelitambua. Nilimfurahisha mtu asiyehusika! Nimepeleleza huku na huku: Bi. Mitchelle hupenda njiwa kupita kiasi. Nimemfahamisha kwamba mimi pia nawafuga, tangu utotoni. Atakuja Komarock Jumamosi kuwaona. Ripoti itangoja.

Njiwa nimeshawanunua jioni hii. Wametulia vizuri katika kabati la nguo la mama mdogo, juu ya mabuibui. Yeye sijamwarifu.